Hitma ya Mzee Aliye Hai

Kila Jumatano asubuhi kuna soko Ibra, mji wa Omani, ambalo mwanamume haingii. Ni soko la wanawake. Wanaouza ni wanawake, na wanaonunua ni wanawake. Waume huwashusha wake zao na mizigo, kisha hukaa ndani ya magari wakisubiri, na hakuna anayewaonea huruma.

Bi Hamda alikuwa na meza yake hapo, karibu na wauza udi. Aliuza kofia za kushona kwa mkono. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, Bi Wadha. Naye Bi Wadha aliijua tangu utotoni kwao Malindi, Unguja. Kofia moja ya Bi Hamda ilichukua miezi. Meza ya jirani yake ilijaa kofia za mashine kutoka China, nazo zilikwisha kabla ya adhuhuri. Bi Hamda alizitazama kwa jicho la pembeni.

Watu walimjua kwa mambo mawili. Alikuwa na mkono mzuri wa kushona, na mdomo mwepesi. Alipopata simu, mdomo ukazidi.

Siku moja iliingia video katika kundi la simu la ukoo wao. Ukoo wenyewe umetapakaa Sur, Nizwa, Maskati na Unguja. Katika video hiyo, mzee mwenye ndevu nyeupe anaburutwa na askari. Kofia yake inaanguka, inakanyagwa. Chini pameandikwa: "Huyu ni imamu wa Wauighur wa China. Amekufa gerezani kwa ajili ya Qurani. Mtumie kila Muislamu."

Bi Hamda alilia. Kilichomliza zaidi ni ile kofia. Hakuuliza video imetoka wapi. Aliituma kwa wanawake wote wa sokoni. Kisha akafanya kama zifanyavyo familia za Unguja zikifiwa na mtu wao. Akaita hitma.

Alhamisi baada ya Alasiri nyumba ilijaa. Wanawake waligawana juzuu, wakasoma Qurani nzima, wakamwombea marehemu. Ikaletwa halua na kahawa. Bi Hamda akasimama.

"Jamani, mzee wa watu kauliwa, na dunia imenyamaza," alisema. "Sisi hatunyamazi!"

"Hatunyamazi!" wakaitikia.

Usiku ule alilala usingizi mzuri sana.

Kesho yake, Ijumaa, mdogo wake Maen alikuja kutoka Sur kula chakula cha mchana. Maen anafanya kazi katika ofisi ya bandarini, na ana marafiki wengi Wachina.

"Shikamoo mama. Shikamoo dada."

"Marahaba," wakajibu.

Maen akakaa kwenye sinia la wali. "Dada, nasikia jana palikuwa na hitma hapa. Nani kafa?"

"Yule imamu wa kwenye video."

Tonge la Maen likasita njiani. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Yule mzee mzima wa afya, wallahi! Ile video ya zamani, tena si ya China. Ni mchezo wa kuigiza. Tazama."

Akatoa simu yake. Kweli, video ilikuwa ndefu kuliko ile waliyoiona. Mwisho wake mzee anainuka, anajipangusa vumbi, anacheka na wale askari.

"Umemsomea hitma mtu yuko hai!" alisema Maen. "Basi ujue, na hayo mengine yote ya Wauighur ndiyo hivyo hivyo. Uzushi wa Wazungu, khalas. Na wewe dada, tuseme kweli, una lako na Wachina. Kofia zao zimekuharibia soko."

Maneno hayo yalimchoma Bi Hamda, kwa sababu yalikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Alimtazama mama yake amsaidie. Bi Wadha alikuwa anakula, hakusema kitu.

Jumamosi Bi Hamda alikwenda kwa jirani yake, Mwalimu Khulood, na kofia anayoishona mkononi. Khulood anafundisha historia katika shule ya wasichana. Yeye alizaliwa Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha bara. Bi Hamda akamweleza yote.

"Aibu imenipata, Mwalimu. Nimekoma. Nitashona kofia zangu, mambo ya China niwaachie wenyewe."

"Pole, Bi Hamda," alisema Khulood. "Ulifowadi kabla hujacheki. Lakini usichanganye mambo. Ile video ni ya uongo. Wauighur si wa uongo."

"Sasa mimi nitajuaje kweli ni ipi?"

"Uliza. Nani kaipiga? Wapi, lini? Nani mwingine kaliona jambo hilo? Na anayelaumiwa anasemaje? Hebu, lete simu yako."

Akamfundisha kuikamata picha moja ya video na kuitafuta kwenye mtandao. Mara moja ikatokea ile ile, ya miaka mingi nyuma. Bi Hamda akaguna.

"Kumbe kazi yenyewe ndogo hivi!"

"Ndogo. Sasa nikuambie yanayojulikana. Wauighur ni Waislamu, wanakaa Xinjiang, magharibi ya China. Wana lugha yao, inakaribiana na Kituruki. Kuanzia mwaka 2017 hivi, wengi sana walikamatwa, wakawekwa kwenye kambi bila kesi. Watafiti wanakadiria watu milioni moja au zaidi."

"Na China inasemaje?" Bi Hamda aliuliza, na Khulood akatabasamu, maana mwanafunzi wake ameanza kushika.

"Mwanzo ilisema kambi hazipo. Baadaye ikasema zipo, lakini ni shule za kufundisha kazi na kuzuia ugaidi. Na kweli, mashambulizi yalikuwa yametokea. Kisha ikasema wanafunzi wote wamemaliza."

"Tumwamini nani basi?"

"Hatutegemei mdomo mmoja. Mwaka 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti. Walisoma sheria na karatasi za China yenyewe. Waliangalia picha za setilaiti. Waliongea na watu arobaini, na wengi wao walipata kufungwa au kufanya kazi ndani ya kambi hizo. Ripoti ikasema haki zimevunjwa vibaya, na huenda ni jinai dhidi ya ubinadamu. China imeikataa ripoti hiyo."

"Na dunia ikafanya nini?"

"Mwaka ule ule Baraza la Haki za Binadamu lilipiga kura. Si kura ya kuihukumu China. Ni kura ya kuijadili ripoti, basi. Kumi na saba walikubali, kumi na tisa walikataa, kumi na moja hawakuchukua upande."

"Waislamu bila ya shaka walikubali."

"Nchi nyingi za Kiislamu zilizokuwemo zilikataa. Omani haikuwemo katika baraza lile. Lakini mwaka 2019 ilitia saini barua ya kuiunga mkono China, pamoja na nchi nyingi za Kiarabu na za Kiafrika. Marekani nayo inasema ni mauaji ya kimbari, na imezuia bidhaa za Xinjiang. Wengine wanasema neno hilo halijathibitika. Na Marekani ina ugomvi wake na China."

"Kumbe kila mmoja ana lake!"

"Kila mmoja ana lake. Hata wewe na kofia zako." Wote wawili wakacheka. Kisha Khulood akaichukua ile kofia, akakishika kitambaa chake. "Hii ni pamba. Kama fungu moja katika mafungu matano ya pamba ya dunia hutoka Xinjiang. Na kuna ushahidi kwamba wako wanaolazimishwa kufanya kazi huko. Hiki kimetoka wapi?"

Bi Hamda hakujua. Alikuwa ameshona miaka thelathini bila ya kujiuliza.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake anatia uzi kwenye sindano.

"Mama, mbona jana Maen alinicheka, na wewe hukusema neno?"

Bi Wadha akaiweka sindano chini.

"Nilikuwa nimekasirika, mwanangu. Nimekukasirikia wewe kuliko yeye. Babangu aliuliwa Unguja, mwaka 1964, wakati wa mapinduzi. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na nne. Tulipofika Omani, palikuwa na bwana mmoja akionyesha picha ya maiti. Akisema ni maiti za Unguja. Haikuwa ya Unguja picha ile, ilikuwa ya vita vya kwengine, na watu wakaja wakajua. Basi wale wasiotaka kusikia habari zetu wakapata la kusema: 'Mnaona, hakuuliwa mtu kule.' Mimi babangu kafa, naambiwa hakufa."

Bi Hamda akakaa chini karibu naye.

"Yule bwana alitupenda," aliendelea Bi Wadha. "Lakini alituharibia. Na wewe umewaharibia hawa Wauighur. Jumatano uende ukaseme kweli."

"Watanicheka, mama."

"Watacheka. Nawe sema."

Jumatano Bi Hamda hakupanga kofia. Alisimama mbele ya meza yake na kuita kwa sauti. Miaka yote hiyo wanawake hawa walimwamini, na leo angewapa sababu ya kutomwamini tena.

"Jamani, yule mzee wa video hakufa. Ni mchezo wa kuigiza. Mimi niliituma bila ya kuuliza, na mimi niliwaita mje msome. Nisameheni."

Kicheko kikazuka soko zima. Muuza udi akapaza sauti: "Na juzuu yangu je? Nimeisoma bure?"

"Hukusoma bure, shoga. Umemwombea pepo mapema."

Walicheka tena, lakini safari hii walicheka pamoja naye. Hapo akawaeleza habari ya kambi, ya ripoti na ya kura. Akawaeleza na majibu ya China, bila ya kuyakata. Mwanamke mmoja akamkazia macho.

"Na haya umeyajuaje, Bi Hamda? Au mchezo mwengine?"

Bi Hamda akafurahi moyoni. "Hilo ndilo suali," alisema, na akaonyesha ripoti yenyewe kwenye simu, na habari zake kwa Kiarabu. Wanawake wakaizunguka meza. Siku hiyo magari ya waume yalingoja sana.

Ijumaa Maen akaja tena. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa na video. Wauighur wanacheza ngoma sokoni, wanacheka, wanasema wana raha. Alikuwa ameshaituma kwenye kundi la ukoo.

"Haya dada, hawa nao wanateswa?"

"Nani kaipiga?" aliuliza Bi Hamda.

"Sijatazama. Kanitumia rafiki yangu."

"Tazama basi. Yangu iliulizwa, na yako iulizwe."

Maen akatazama. Ilikuwa ya televisheni ya serikali ya China.

"Kwa hivyo ni uongo?" aliuliza Bi Wadha.

"Hapana, mama. Pengine walicheza kweli," alisema Bi Hamda. "Lakini hatujui kama waliweza kukataa. Na hawa kumi wanaocheza hawatuambii kitu juu ya waliofungwa."

"Na hao Wazungu wako, mbona kwa Ghaza hawasemi?" Maen alikuja juu.

"Kweli kabisa. Wanachagua wa kumlilia. Na sisi tunachagua, Maen. Ndiyo maana Muighur hana wa kumsemea."

"Unataka tuvunje biashara na China?"

"Sijasema hivyo. Rafiki zako wa bandarini hawakumfunga mtu. Nataka waruhusiwe watu wasio na upande waingie, watazame watakapo, wazungumze na wamtakaye. Kama hapana kitu, nani ataumia?"

Maen akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka.

"Sijui, dada," alisema mwishowe.

Bi Wadha akamsogezea kipande kizuri cha nyama.

"Kula, mwanangu. Wakati wangu hakuna hata mmoja aliyeniambia 'sijui'. Wote walikuwa wanajua."

Mwezi ule Bi Hamda alikwenda Nizwa, kwa Hamoud anayemuuzia vitambaa. Alimuuliza pamba imelimwa wapi. Hamoud akasema hajawahi kuulizwa swali hilo. Baada ya wiki chache alimpigia simu akilalamika: kila mwanamke wa Ibra anamuuliza! Ikabidi naye awaulize wanaomletea. Sasa ana vitambaa vya pamba ya Misri, na anaweza kusema kwa nini anaamini ni ya Misri.

Kwenye kundi la ukoo video bado zinaingia. Bi Hamda hata hawahi kuvaa miwani. Maen huwa ameshaandika: "Imetoka wapi hii?"

Na Alhamisi moja nyumba ilijaa tena. Halua ililetwa na Maen. Wanawake waligawana juzuu, wakasoma mpaka mwisho, wakawaombea wafungwa wote wasio na kesi, Wauighur na wengineo, ambao majina yao hawayajui. Lakini hitma yenyewe ilikuwa ya Bwana Khelef wa Malindi, baba yake Bi Wadha, aliyeuawa mwaka 1964. Bi Wadha alikaa katikati yao na kulitaja jina lake kwa sauti. Safari hii kila mtu alijua anamsomea nani.