Vidonda Visivyo na Vitobo

"Zimebaki dakika tisa," Mkuu alisema kwenye kifaa cha sikioni. "Kwenye meza ya pili ya upasuaji wanakaribia kufunga kidonda. Umepata nini?"

Kimya, mpelelezi wake, aliendelea kufungua mafaili. Alikuwa amejifungia ofisini kwa Profesa, daktari wa upasuaji, kompyuta wazi mbele yake.

Picha za magoti. Mia mbili na kumi, yote yamewekewa viungo bandia, yote yamepigwa picha siku ya kumi na nne baada ya upasuaji. Nusu ya wagonjwa walifungwa kwa pini za chuma, nusu kwa gundi mpya ya Profesa, ili ijulikane njia ipi ni bora. Faili la gundi lilikuwa safi. Faili la pini lilikuwa na vidonda thelathini na kimoja vilivyoachama, vikitoa usaha wa kijani.

Akaikuza picha moja. Halafu nyingine.

Pini huacha vitobo viwili viwili, pande zote mbili za mshono.

Hapa hapakuwa na kitobo hata kimoja.

"Mkuu, waliooza vidonda ni wa gundi. Profesa amewabadilishia mafaili ili gundi yake ipate kibali."

"Meza ya pili nayo ni ya gundi."

Kimya alijua. Pale mezani alilala shangazi yake, aliyekubali kupasuliwa hapa ili yeye apate sababu ya kuingia hospitali hii.

Alikimbia hadi chumba cha upasuaji.

Profesa alikuwa ameshainua tyubu ya gundi juu ya goti. "Toka. Hujanawa mikono."

"Weka chini."

Profesa akanyakua kisu cha upasuaji. Kitako cha bastola ya Kimya kikamvunja kifundo cha mkono. Gundi ikamwagika sakafuni, na harufu yake ilikuwa ya rangi ya viatu.

"Sista, mfunge kwa pini," Kimya alimwambia muuguzi.

"Bahasha yake ya kura ya utafiti inasema gundi," muuguzi alinong'ona.

"Kwa pini, dada yangu."

Nyuma ya pazia, shangazi, aliyetiwa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini tu, akauliza, "Mwanangu, mbona kelele?"

"Hamna kitu, shangazi. Wanamalizia."

Profesa aliushika mkono wake uliovunjika. "Thelathini na mmoja tu. Katika utafiti hiyo ni hasara ndogo."

Kimya alimtazama kama mtu anavyotazama kilichoganda chini ya kiatu. Askari wawili waliingia na pingu.

"Kabla ya kumpakia garini, mpitisheni wodini walikolazwa wa gundi," aliwaambia. "Kitanda kwa kitanda. Bandeji awafungulie yeye, kwa mkono uliobaki. Na asipewe barakoa, ainuse harufu."

Akafungua mlango kwa kiwiko, akaenda kunawa.