Mshindi wa Gurudumu la Robinah

Jioni ile Robinah aliegesha mlango wa duka, akajifunga leso kiunoni, akaenda kwa seremala kuchukua gurudumu lake. Ilikuwa mwaka wa sitini na saba, Busia, upande wa Uganda. Jua lilikuwa linazama na vumbi la malori ya mpakani lilikuwa bado halijatulia. Niseme mapema: kama umekaa hapa ukitaka kucheka, nenda ukachekee kwingine. Hadithi hii hata mimi nikiisimulia chakula hakinipiti.

Gurudumu lilikuwa la mbele la baiskeli ya mumewe. Seremala alikuwa amelivisha uso wa ubao uliogawanywa vyumba vinane, akapigilia misumari pembeni, na juu yake akafunga ulimi wa bati. Ukilizungusha, bati linagonga misumari: tak-tak-tak-tak... tak... tak. Likisimama, ulimi unaonyesha zawadi yako. Sabuni, kitana, chumvi, leso, sindano na uzi, kikombe, beseni. Chumba cha nane hakikuwa na kitu. Kiliandikwa kwa chaki: Pole.

Wazo lilikuwa la Rasto, Mkenya mwuza sabuni, aliyevuka mpaka kila Jumanne na gari lake. Ng'ambo ya barabara lilikuwa limefunguliwa duka kubwa lenye redio inayoimba tangu asubuhi, na wateja wa Robinah sasa walipita mlangoni kwake wakijifanya hawamwoni.

"Mama, mteja ni kuku," Rasto alimwambia. "Mwite kwa mdomo mtupu, hatakuja. Mrushie punje, ataleta na wenzake. Anunue chochote, azungushe mara moja. Akipata hata kitana, kesho utamwona tena."

"Na asipopata kitu?"

"Huyo ndiye atakayerudi mbio zaidi."

Sasa utaniuliza, mwanamke peke yake ahangaikie duka hivyo kwa nini? Si angerudi kwao akalime? Ngoja nikwambie. Duka lilikuwa la mumewe, Mangeni. Mangeni alikuwa utingo wa lori, na miaka mitatu nyuma aliondoka na shehena ya chumvi na samaki wakavu kwenda Kongo. Vita vya huko vikafunga njia. Lori halikurudi, dereva hakurudi, wala salamu haikurudi. Asubuhi aliyoondoka alimwambia mkewe, "Binti Oluka, usifunge mlango wangu." Alimwita hivyo siku zote, kwa jina la baba yake. Basi Robinah hakuufunga. Alijua duka likifa, siku Mangeni akirudi atakuta magugu na watu wasiomjua. Subira yavuta heri, alijiambia kila asubuhi akifungua, na alikuwa anaamini kwa moyo wake wote.

Maloba, kaka yake Mangeni, hakuamini. Katika ukoo wao mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake, ukaliliwa, ukazikwa nyumbani, ili roho yake isitangetange. Kila mwezi Maloba alikuja na maneno yale yale.

"Shemeji, ndugu yangu nalala inje. Miaka tatu! Wewe ndio nafungia yeye njia."

"Mtu hazikwi kwa kubahatisha, shemeji," Robinah alimjibu, na mazungumzo yaliishia hapo.

Basi gurudumu likasimamishwa mlangoni. Weee! Watu walikuja. Wanawake wa Masaba waliokuja kuuza mihogo, vijana wa Mulanda na baiskeli zao, hata wateja wa ng'ambo wenye redio. Mzee mmoja mwenye upara alishinda kitana, watu wakacheka mpaka wakakaa chini, naye akakitia mfukoni akasema atakitunza mpaka nywele zirudi. Robinah naye alicheka siku hiyo. Alikuwa amesahau kicheko chake kinavyosikika.

Wiki ya tatu, jioni moja, watu walipokwisha kutawanyika, alikuja mtu.

Mrefu. Koti refu. Kofia imeshushwa mpaka machoni. Robinah alikuwa anawasha taa, na kabla hajamwona alimsikia harufu. Udongo mbichi... kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

"Kiberiti," mtu yule alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kunong'ona. Aliweka senti kumi mezani, zile za tundu katikati. Ilikuwa na unyevu, na tundu limejaa udongo.

"Naweza kuzungusha?"

"Zungusha tu, baba. Mgeni njoo, mwenyeji apone," Robinah alisema, kwa mazoea ya biashara.

Akalishika gurudumu, akalisukuma. Likazunguka... likazunguka...

Kimya.

Bati lilikuwa linagusa kila msumari, Robinah aliliona kwa macho yake likiruka. Lakini hapakuwa na tak hata moja. Likasimama kwenye Pole.

"Bado," mtu yule alisema. Akatoka. Kiberiti alikiacha mezani.

Jioni ya pili akaja tena. Harufu ile ile, senti ile ile yenye udongo. Gurudumu likazunguka kimya, likasimama pale pale. "Bado." Lakini safari hii, kabla hajaondoka, alilipapasa gurudumu kwa kiganja, pole pole, kuanzia juu mpaka chini.

Robinah alibaki amesimama na taa mkononi. Gurudumu ni la nani? Nani mwingine angelipapasa vile? Aliogopa, ndiyo, asikudanganye mtu. Lakini ndani ya ule woga palikuwa na furaha, na mimi nakwambia furaha ndiyo iliyomponza. Woga peke yake ungemfanya afunge mlango.

Siku nzima iliyofuata hakula. Aliwauzia watu chumvi badala ya sukari. Jua liliposhuka aliwaambia wateja wa mwisho waende, kichwa kinamuuma. Akakaa nyuma ya meza, akangoja.

Harufu ilitangulia.

Halafu koti. Halafu senti mezani.

"Wewe ni nani?" Robinah aliuliza.

Mtu yule akaisogeza senti mbele.

"Umetoka wapi?"

"Njiani."

Wazee wa kule hukanya jambo moja: mtu usiyemjua akikujia magharibi, usimpe jina. Mwache ajitaje mwenyewe. Robinah aliyajua hayo tangu utoto, kwao na kwa mumewe. Lakini mtu aliyengoja miaka mitatu ana jina moja tu mdomoni, na likitaka kutoka litatoka.

"Mangeni?"

Mtu yule aliinua kichwa kidogo. Chini ya kofia palikuwa na giza tu.

"Ukiniita hivyo... nitaitika."

Machozi yalimshuka Robinah pale pale. "Umekufa?"

"Nimekufa."

"Unataka nini kwangu? Niambie nikupe."

"Pa kulala."

"Kitanda chako kipo. Sijakigusa."

"Si kitanda." Akagonga sakafu kwa kisigino. Mara moja. "Chini."

Robinah alielewa. Maneno yote ya Maloba, ya mwezi baada ya mwezi, yalimrudia kwa pamoja, na aliona aibu kubwa: kumbe mumewe alikuwa amekosa pa kulala miaka yote hiyo, na aliyemzuia ni yeye. Akazunguka meza. Akafuta Pole kwa kiganja, akachukua chaki, na mahali pale akaandika: Nyumbani.

"Zungusha," alimwambia.

Tak-tak-tak-tak-tak...

Safari hii lilisikika. Lilisikika mpaka nje.

Tak... tak...

Tak.

Nyumbani.

"Asante, mama," mtu yule alisema, kama mteja yeyote anayepewa zawadi yake. Akatoka. Robinah alikuwa analia kwa sauti, wala hakulipima neno lile.

Hakungoja hata kufunga duka. Alikwenda moja kwa moja kwa Maloba, akamkuta anakula, akasimama mlangoni akasema, "Mzike." Maloba aliacha ugali, akainuka, akamshika mikono yote miwili. Haki ya Mungu, yule mzee naye alilia. Alikuwa anampenda mdogo wake.

Walizika Jumamosi. Mgomba ulikatwa asubuhi, ukavishwa shati na koti la kanisani la Mangeni, ukazungushiwa shuka. Mwalimu wa kanisa alisoma, wanawake waliimba, shimo lilichimbwa upande wa kulia wa nyumba. Jua lilikuwa limeinama walipouteremsha. Maloba alimwambia Robinah atangulie, maana yeye ndiye mwenye kilio. Robinah akachota udongo kwa mikono, akaumwaga. Akachota tena. Alilia kilio alichojinyima miaka mitatu, mpaka wanawake wakamshika wakamweka kwenye mkeka. Jumapili asubuhi wakamnyoa kichwa. Mlango wa duka wakaufunga, kama inavyopasa nyumba yenye msiba.

Mtu wa koti hakuonekana tena. Robinah alilala usingizi mzito usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu mumewe aondoke. Maskini, acha alale. Hebu acha alale.

Jumatatu, saa nne hivi, akaja mtu na baiskeli, amevaa kaki za reli, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyuma amefunga mfuko wa turubai. Aliuliza kwa Mangeni ni wapi, akaelekezwa. Alipoona watu wameketi kwenye mikeka alisimama, akavua kofia.

"Karibu matangani," Maloba alimwambia.

"Matanga?" Yule mtu alitazama huku na huku. "Nani ameambia ninyi? Si mimi ndio naleta habari?"

Watu wote wakageuka kumtazama.

Jina lake lilikuwa Ofwono, mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya Tororo. Alipewa maji, akanywa, akakaa. Hakujua amtazame nani, mwisho akamtazama Robinah, maana aliona kichwa kilichonyolewa.

"Mangeni alishuka kwa treni ya Kasese," alisema. "Jumamosi. Alikuwa mwembamba sana, lakini nacheka. Aliniambia walimfunga huko Kongo, halafu akaugua, halafu akafanya kazi ya kubeba mawe Kasese, natafuta nauli. Basi ya Busia ilikuwa imeenda. Mimi nikasema, lala kwangu, kesho utakwenda. Akasema hapana. Nitatembea na miguu. Binti Oluka hajafunga mlango."

Robinah aliinua mkono, akakipapasa kichwa chake.

"Jumamosi," Maloba alinong'ona. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Basi Jumamosi... sisi tumezika nani?"

Mwanamke aliyekuwa ameketi karibu na kaburi alivuta mkeka wake pole pole, akasogea. Mzee mmoja alianza kumtaja mtu aliyegongwa na lori mpakani mwaka wa nyuma, yule ambaye hakujulikana jina wala kwao, wakamtupa pembeni mwa kinamasi bila hata sala... Wenzake wakamkanyaga mguu, akanyamaza.

"Sasa yuko wapi?" Maloba aliuliza. "Mdogo wangu yuko wapi?"

Ofwono alikunja kofia yake. "Yuko mochwari, Tororo. Ndio nimekuja."

"Alikuwa mgonjwa?" Robinah aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza anasema, na sauti haikuwa yake.

"Hapana, mama. Alikuwa nasimama, mfuko begani. Tumeagana tayari. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, saa ya stesheni iko juu ya kichwa yetu pale, niliona mimi mwenyewe. Halafu akaanza kupangusa bega." Ofwono alijipangusa, kwanza bega moja, kisha la pili, kisha nywele. "Hivi... hivi. Akatazama juu. Akauliza, 'Nani ananimwagia udongo?' Sisi tukaangalia, hakuna mtu. Akauliza tena, kwa nguvu: 'Nani ananimwagia udongo?' Halafu akakohoa, kama mtu mdomo imejaa. Akaanguka."

Aliufungua mfuko kutoka kwenye baiskeli, akauweka mbele ya Robinah.

"Hakuna aliyemjibu?" Robinah aliuliza.

"Nitajibu nini, mama? Hakuna mtu alikuwa pale."

Robinah aliuvuta ule mfuko, akaupakata. Akauinamia mpaka paji la uso likagusa turubai, akazungumza nao kwa sauti ndogo, kama anayemjibu mtu aliye karibu.

"Ni mimi," alisema.