Kiti Kilicholambwa

Asubuhi ile Chachu alidhani ni paka. Jioni ya jana yake alikuwa amekipaka mafuta kiti cha pikipiki yake mpya, na sasa kiti kilikuwa kimelambwa chote, kuanzia kwenye tangi hadi nyuma kwenye taa, na mahali pa mafuta palikuwa na ute. Ute mzito, wa vuguvugu, unaovutika kama wa bamia. Aliugusa kabla akili haijamkataza, akanusa kidole. Ulinuka samli iliyooza na jino bovu.

"Paka gani huyu, hata kupiga mswaki hajui?" alisema. Akafuta kiti kwa tambara, kisha akalitupa tambara jalalani kwa ncha za vidole viwili.

Chachu alikuwa mwoka mikate. Jina hilo walimbandika wateja, kwa jinsi hasira zake zilivyokuwa zikiumuka upesi. Aliishi na mama yake kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye tanuri uani, na mikate yake ilipelekwa madukani na vijana wa pikipiki za kukodi, ambao nusu ya safari waliibeba na nusu waliikalia. Alipochoka kuuza mikate bapa alikwenda kujifunza kuendesha, akapata leseni, akaanza kutafuta pikipiki yake ya kwanza.

Tangu siku hiyo mama yake hakulala vizuri. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye mikono iliyojaa kwa kukanda unga, na hakuwa na mtoto mwingine. "Hicho ni kisu chenye injini," alikuwa akisema. "Ukianguka wewe, nitakayevunjika ni mimi." Chachu alimcheka tu.

Pikipiki ya kwanza aliyoonyeshwa ilikuwa ndefu, miguu yake ikaning'inia. Ya pili ilikuwa inang'aa, lakini fundi aliyekwenda naye alikwangua rangi kwa kucha chini ya tangi, akamwonyesha mahali chesisi ilipokatika ikaungwa. "Hii imeshamwaga mtu," fundi alisema. "Mgeni wa barabara haanzi na chuma kilichovunjika." Ya tatu ilikuwa kwa mjane mmoja, imeegeshwa chumbani alimokuwa akilala marehemu mumewe. Ilikuwa nyepesi, saizi yake kabisa, haina mkwaruzo hata mmoja. Kiti tu ndicho kilichokuwa kimekauka na kupasuka ngozi.

"Haijawahi kuanguka," mjane alisema bila furaha. Alikuwa mwembamba wa kutisha, mashavu yamebonyea ndani. "Marehemu aliiendesha kwenye matope, akaiendesha amelewa. Haikuanguka."

"Sasa marehemu alikufa na nini?"

"Alikonda," mjane alisema. "Alikonda mpaka akaisha. Ichukue, dada yangu. Ila kiti kiache kikavu hivyohivyo. Usikipake kitu."

Mtu mwingine angeuliza kwa nini. Mwoka mikate haulizi. Kwao bati jipya haliingii tanurini kabla ya kupakwa mafuta, maana bati kavu hushika mkate na kuurarua, na Chachu alilelewa na sheria hiyo kabla hajajua kusema. Kuona ngozi kavu na kuiacha kavu kulimwasha vidole. Jioni ileile alichota mafuta mgando kwenye ndoo, akakikanda kiti kwa viganja vyote viwili hadi kikalainika. Alipomaliza alihisi kiti kimepumua, akadhani ni sponji.

Siku hiyo ya ute alikuja binamu yake, wakala wa bima, ambaye ukoo mzima ulimwita Msumbufu. Alimkuta Chachu anapakia kreti, na mama yuko mezani na unga.

"Dada, wewe bado mwanafunzi," Msumbufu alisema. "Chukua bima kubwa. Ukigonga inalipa, ukigongwa inalipa, na wewe mwenyewe ukivunjika unatibiwa."

"Bandika ile ndogo ya lazima, uende zako. Mimi sina mpango wa kuanguka."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na hilo guu lako halina bima."

Chachu alicheka. Mama yake hakucheka. Aliacha kukanda, akauliza, "Hiyo kubwa inamzuia asianguke?"

"Hapana, shangazi. Inalipa akishaanguka."

"Basi haina kazi," mama alisema, akaurudia unga wake.

Msumbufu alibandika stika ya bima ndogo chini ya taa ya mbele. Kesho yake ilikuwa chini, imetafunwa ikatemwa, donge la karatasi limeloa ute. Msumbufu alilichokoa kwa kijiti. Lilikuwa na alama za meno, madogo kama ya mtoto, ila mengi kupita kiasi.

"Wateja wanaochukia bima nimewaona," alinong'ona, "lakini wa kuila bado." Akacheka peke yake, na kicheko chenyewe kilikatika katikati.

Wiki ileile Chachu aliteleza kwenye kona yenye mchanga. Mgeni wa barabara hukamata breki ya mbele pale asipopaswa, naye akaikamata. Pikipiki ikalala ubavu, kreti za mikate zikainama, na akaiona lami ikimjia usoni. Haikufika. Kitu kilimshika kiuno kwa nyuma, mikono miwili laini isiyo na mifupa, imelowa, ikamwinua yeye na pikipiki na mikate yote ikawasimamisha wima, na shingoni kwake kikapumua kwa kuridhika, pumzi ileile ya samli iliyooza. Aliegesha pembeni akatapika hadi nyongo. Nguo yake ilikuwa imelowa ute pande zote mbili za kiuno, na alama za vidole zilizunguka hadi kitovuni.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake anatafuta pete sakafuni. "Imetoka kidoleni yenyewe," mama alisema. "Miaka yote hii haikutoka hata kwa sabuni."

Hapa ndipo pa aibu, nami sitaificha. Chachu alizoea. Binadamu huzoea hata choo kinachonuka, akikaa humo muda wa kutosha. Alianza kukata kona bila kupunguza mwendo, akawa anapenya katikati ya malori, maana alijua hataanguka. Mikono ikija, alibana pumzi, kisha akajifuta kiuno kwa gazeti na kuendelea na safari. Na kila siku ya namna hiyo mama yake alipungua. Magauni yakawa yanamning'inia. Ngozi ya mikono ililegea kama soksi iliyovuliwa. Hospitali walimpima hiki na kile, wakasema hawaoni ugonjwa, ale vizuri.

Halafu mikate ikaanza kurudi. Mwenye duka mmoja aliumega mkate mbele ya Chachu, na vipande viwili vikakataa kuachana. Katikati yake palivutika nyuzi za ute, ndefu, zinazometa, na kwenye ute palikuwa na unywele mmoja mfupi wa kijivu.

"Mteja wangu alishakula nusu," mwenye duka alisema kwa sauti ya chini, amejiziba mdomo. "Hebu niambie, unaoka na nini wewe?"

Chachu aliapa kwamba hajui. Na kweli hakujua, hadi alfajiri aliyoamka kuwasha tanuri akasikia sauti uani. Chwa. Chwa. Chwa. Akasogea peku, simu mkononi bila kuwasha taa yake, kwa sababu hakutaka kuona na wala hakuweza kurudi, na kadiri alivyokaribia ndivyo harufu ilivyokuwa nzito hadi akahisi anaimeza, na sauti ikawa ya mlaji aliyestarehe, anayenyonya, anayekwangua mfupa kwa ulimi, na alipochungulia kwenye kona ya tanuri, kwa mwanga hafifu wa alfajiri, alimwona mama yake mzazi ameketi kwenye kigoda kando ya pikipiki, amekunja mkono wa gauni hadi begani, mkono wenyewe, uleule wa kukandia unga, umepakwa mafuta mgando ukameremeta, na ngozi ya kiti imefunguka katikati ikawa mdomo, ndani yake meno madogomadogo safu juu ya safu, na ulimi mpana wa kijivu wenye nywele ukipanda na kushuka kutoka kiganjani hadi kwapani, taratibu, na kila ulipopita nyama ya mkono ilipungua.

"Mama," Chachu alisema.

"Nyamaza," mama alinong'ona bila kugeuka. "Usimshtue. Anamalizia."

"Mama, hicho ni nini?"

"Ni huyo anayekushika. Nilikuja kufuta kiti, akanisemesha. Akasema, nilishe mimi, na binti yako haanguki." Mama alivuta pumzi, maana ulimi ulikuwa umefika penye kidonda. "Mafuta ya ndoo hayakumtosha. Akataka yangu. Nikaona sawa tu. Mnofu ninao, mwanangu, na ulikuwa unanisaidia nini?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Chachu aliusikia uchungu huo sasa kwa masikio yake, pamoja na ile sauti ya kulamba, akakumbuka kila kona aliyoikata kwa makusudi. Alijichukia kuliko alivyolichukia lile domo. Akamshika mama yake mabega, akamvuta, na mkono ukatoka kwa mlio wa kitu kinachong'olewa matopeni.

Mganga waliyemleta alikuwa mwanamke mwenye miwani na maneno mengi, aliyejifunga leso puani tangu getini. "Jamani, mmeishi na harufu hii?" alisema. Alikizunguka kiti, akakichoma kwa sindano ndefu, kikatoka usaha. "Huyu ni jini mlafi. Waendesha pikipiki waoga humwita wenyewe, awe ndiye bima yao. Si mgumu kumfukuza. Ila simfukuzi mimi, anamfukuza anayemlisha." Akamgeukia mama. "Useme kwa mdomo wako, na moyo uwe humohumo. Simtaki, simlishi tena."

"Na binti yangu akianguka?"

"Ataanguka kama wanavyoanguka wengine, mama. Atapona au hatapona, ndiyo barabara."

Mama alimwangalia Chachu kwa muda mrefu. Chachu alipiga magoti palepale kwenye vumbi la unga. "Sema, mama. Niache nianguke. Nakuomba."

"Simtaki," mama alisema hatimaye. "Simlishi tena."

Kiti kilijikunja, kikavimba, kikatapika. Yalitoka mafuta ya manjano mabonge mabonge, yalitoka makucha, nywele zilizofungana, vipande vya stika, na mwisho utando mrefu mweupe ambao Msumbufu, aliyeitwa kusaidia kubeba, alisema ni utumbo, akaenda kutapika na yeye. Waling'oa kiti wakakichoma kwa mafuta ya taa. Moshi wake ulikuwa na shibe, ukashika nguo zote kambani, ikabidi zitupwe.

"Kama amesema kweli, ameondoka," mganga alisema, akafunga mkoba wake.

Chachu alinunua kiti kipya na hakukipaka kitu. Akachukua bima kubwa, na stika ikakaa mahali pake. Mikate ikawa mikate. Aliendesha polepole kama anayesindikiza maiti, hadi watembea kwa miguu wakawa wanampita na kumsalimia. Mama naye alicheka tena, akaanza kuvaa magauni marefu ya kufunika hadi vidole vya mikono, akisema damu imepungua na baridi inamwingia.

Siku moja ya mvua lori lilisimama ghafla mbele yake. Alikamata breki, tairi la nyuma likakimbia, na Chachu akajua anaanguka. Mungu ni shahidi, hakuogopa. Alifurahi. Uvunjike mguu, alijisemea, umekatiwa bima, ni mguu wangu mwenyewe. Akafumba macho kuisubiri lami.

Pikipiki ilisimama wima. Mvua ilikuwa ya baridi, lakini kiunoni alihisi umajimaji wa vuguvugu unateremka hadi mapajani.

"Niache!" alipiga kelele katikati ya barabara, watu wakamshangaa. "Niache, nimesema niache!"

Hakuthubutu kuipanda tena. Aliisukuma kwa miguu hadi nyumbani, kwenye mvua, analia kwa sauti, akiogopa hata kujikwaa.

Mama alikuwa barazani kwenye kiti chake, amejifunika shuka hadi kidevuni. Uso wake ulikuwa umebaki mifupa miwili na macho.

"Umefika salama, mwanangu?" aliuliza kwa sauti kubwa, kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliyesimama karibu.

"Mama. Ulisema humtaki."

"Nilisema. Mganga alitaka nimwambie hivyo, nikamwambia." Mama alitabasamu, na fizi zake zilikuwa nyeupe. "Kinywa ni changu, na mtoto ni wangu. Njoo ndani, utapata baridi."

Chini ya shuka kitu kilifanya chwa. Mama akakohoa kuifunika sauti ile, kisha akaendelea kuuliza kwa furaha kama mikate yote ya leo imenunuliwa.