Ofa Mbili za Nesi Milka

Milka Omanga alikuwa nesi. Alisoma miaka mitatu, akapata diploma na leseni. Aliishi Oruba, mjini Migori, pamoja na mumewe Cliff na binti yao Liz, mtoto wa miaka sita.

Kila asubuhi, kabla ya chai, Milka alimpa Liz kidonge kimoja na kikombe kikubwa cha maji. Liz alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Siku nyingi alicheza na kupiga kelele kama watoto wengine. Lakini siku nyingine mifupa ilimuuma mpaka akalia sauti ikamkauka. Siku hizo walimbeba mbio hospitalini.

Cliff alikuwa fundi wa pikipiki. Milka hakuwa na kazi ya kudumu. Kliniki moja ndogo ilimwita wakati wagonjwa walikuwa wengi. Wagonjwa wakipungua, alikaa nyumbani.

Basi wiki moja mambo yakabadilika. Jumatatu, hospitali mpya ya kibinafsi hapo Migori ilimwandikia kuwa amepata kazi. Hospitali hiyo ilikuwa na jengo la ghorofa tatu, kwa hivyo watu waliiita hospitali ya ghorofa. Jumatano, hospitali ya kanisa, upande wa Rangwe katika kaunti ya Homa Bay, nayo ikamwandikia ikimpa nafasi. Ilimtaka aje na vyeti vyake wamalizie mazungumzo.

Cliff alisoma barua zote mbili kwenye simu.

"Ghorofa ni elfu arobaini na tano," alisema. "Kanisa ni elfu thelathini na nne. Mama Liz, hapo kuna swali kweli?"

"Hakuna," Milka akajibu, akicheka. "Ijumaa naenda kutia sahihi."

Jioni hiyo alivuka uani kumpa jirani yake habari njema. Jirani huyo aliitwa Bonareri. Alikuwa ametoka Kisii zamani, akafanya kazi ya uuguzi miaka thelathini, akastaafu akiwa matroni, yaani mkuu wa manesi. Sasa alifuga kuku, lakini wapangaji wote wa ploti bado walimwita Matroni.

Bonareri alifurahi sana. Alimkumbatia Milka. Kisha akauliza, "Hiyo elfu arobaini na tano ni mshahara wa msingi, ama marupurupu yako ndani?"

"Sijui, Matroni."

"Utafanya saa ngapi kwa wiki?"

"Hawakusema."

"Bima yao inamlipia Liz?"

"Hilo pia sikuuliza."

"Nesi mmoja anaangalia wagonjwa wangapi?"

"Matroni, mimi niliona tu mshahara."

"Hata mimi nilianza hivyo," Bonareri alisema. Alimvutia kiti. "Kaa nikuambie. Mshahara ni kitu kimoja tu katika kazi. Hebu niambie kwanza, vyeti vyako viko wapi?"

"Viko kwao. Siku ya usaili walisema wanataka kuvikagua. Niliacha diploma na leseni."

"Nakala?"

"Hapana. Zile zenyewe."

Uso wa Bonareri ulibadilika. "Milka, mwanangu, sikiza. Vyeti ni mali yako. Mwajiri anaviangalia mbele yako, anachukua nakala, anakurudishia. Wengine huvifungia kabatini ili usiweze kuhama. Kesho nenda uvichukue. Na ukiwa huko, usiende ofisini tu. Tembea mpaka wodini. Tazama ratiba ya zamu ukutani. Keti na manesi wakila, uwaulize maswali haya niliyokuuliza. Manesi hawafichi."

Milka hakulala vizuri. Bila vyeti, hangeweza kwenda Rangwe. Bila vyeti, hangeweza kwenda popote.

Asubuhi alifika hospitali ya ghorofa. Ilikuwa safi, sakafu ikimeta. Afisa wa wafanyakazi hakuwa amefika, kwa hivyo Milka alipanda mpaka wodi ya watu wazima. Ratiba ya zamu ilikuwa imebandikwa karibu na meza ya manesi. Majina yalikuwa machache, na mengi yalikuwa yamekatwa na kuandikwa tena kwa kalamu nyekundu. Jina moja, Kerosi, lilikuwa limeandikwa siku kumi na moja mfululizo.

Kerosi mwenyewe alikuwa hapo, kijana mrefu, macho mekundu kwa uchovu. Milka alijitambulisha. Alisubiri mpaka Kerosi apate dakika kumi za chai, wakakaa kwenye benchi nyuma ya jengo.

"Ndugu yangu, niambie ukweli," Milka alisema. "Kazi hapa ikoje?"

Kerosi alitazama nyuma kabla ya kujibu. "Saa kumi na mbili za kazi kila siku, siku sita. Mwenzako asipokuja, unaendelea na ya saba. Leo niko na wagonjwa ishirini na sita, peke yangu."

"Na ile elfu arobaini na tano?"

"Hiyo ndiyo yote. Msingi, nyumba, kila kitu kiko ndani. Kazi ya ziada hailipwi. Halafu kuna kukatwa." Alishusha sauti. "Mwezi uliopita mgonjwa alitoroka bila kulipa. Nilikuwa zamu. Bili iligawanywa kwetu wawili, ikakatwa kwa mshahara."

"Mlilipa bili ya mgonjwa?"

"Tulilipa. Nikilalamika, naambiwa manesi wako wengi barabarani."

"Bima je? Niko na mtoto ana selimundu."

"Bima ya hospitali ni yako wewe, baada ya miezi sita. Mtoto hayumo."

"Mbona usitoke?"

Kerosi alicheka, lakini si cheko la furaha. "Diploma yangu iko ndani ya hiyo kabati ya ofisi."

Milka alishuka ngazi mpaka ofisini. Afisa alikuwa ameingia. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole.

"Aa, Milka! Umekuja kutia sahihi mapema?"

"Nimekuja kuchukua vyeti vyangu, bwana. Ninavihitaji leo."

"Vyeti vinakaa hapa. Ni utaratibu wetu."

"Sijatia sahihi mkataba wowote. Naomba vyeti vyangu. Nitawaletea nakala."

"Ukivichukua," afisa alisema bado kwa upole, "nafasi naipa mtu mwingine saa hii hii. Fikiria mtoto wako."

Milka alifikiria mtoto wake. Elfu arobaini na tano zilikuwa mbele yake, na Cliff alikuwa nyumbani akizisubiri.

"Nimefikiria," alisema. "Naomba vyeti."

Afisa aliinuka. Kisha akafungua kabati. Lilikuwa limejaa bahasha za kaki mpaka juu. Alitafuta, akachomoa moja, akaitupa mezani. Milka aliifungua hapo hapo, akahakikisha diploma iko na leseni iko. Akasema asante, akatoka. Alipofika nje ya geti, alikumbatia ile bahasha kifuani kama mtoto aliyepotea akapatikana. Machozi yalimtoka. Hakujali nani anamwona.

Cliff hakufurahi hata kidogo.

"Umeacha elfu arobaini na tano?" aliuliza. "Kwa sababu ya maneno ya nesi mmoja?"

"Na ratiba niliyoiona kwa macho yangu. Na kabati."

"Sasa hiyo ya kanisa wakikataa?"

"Tutajua kesho," Milka alisema, akiiweka bahasha kwenye mkoba.

Siku ya Ijumaa alisafiri, akapitia Rongo na Homa Bay mjini, akafika Rangwe saa nne. Matroni wa hospitali ya kanisa aliitwa Sista Nyamusi. Aliangalia vyeti, akavitolea nakala, akamrudishia papo hapo. Milka alivirudisha kwenye bahasha.

"Una maswali?" Sista Nyamusi aliuliza.

Milka alitoa karatasi. Alikuwa ameandika maswali yake yote ili woga usimsahaulishe. Sista aliona karatasi, akatabasamu. "Vizuri. Soma moja moja."

Mshahara wa msingi ulikuwa elfu thelathini na nne. Juu yake kulikuwa na elfu tano za nyumba. Anayefanya zamu ya usiku aliongezwa kitu kidogo. Kazi ilikuwa saa nane kwa siku, siku tano. Likizo ilikuwa siku ishirini na moja za kazi kila mwaka, kama sheria inavyotaka, na mama akijifungua alipumzika miezi mitatu kwa mshahara kamili. Makato yalikuwa yale ya kisheria tu: kodi, bima ya afya ya SHA, akiba ya uzeeni ya NSSF, na ada ya serikali ya nyumba za bei nafuu. Yote yaliandikwa kwenye hati ya mshahara kila mwezi.

"Mshahara unachelewa?" Milka aliuliza.

Sista Nyamusi hakukwepa. "Mwaka jana ulichelewa mara mbili. Mara moja wiki mbili nzima. Tuliwaita wafanyakazi wote tukawaeleza sababu. Siwezi kukuahidi haitatokea tena."

Jibu hilo lilimshangaza Milka. Lilimpa imani kuliko ahadi.

Swali la mwisho lilikuwa gumu kutamka. "Sista, binti yangu ana selimundu. Akiugua, itakuwaje?"

"Watoto wa wafanyakazi wanatibiwa hapa. Kile SHA haijalipa, hospitali inalipa nusu. Ugonjwa wa zamani haumzuii mtoto. Lakini kwa kawaida unangoja miezi mitatu ya majaribio iishe."

Milka alikumbuka usiku mmoja Liz akilia mgongoni kwa Cliff. "Naomba aanze siku ninayoanza mimi," alisema. "Na naomba iandikwe kwenye barua."

Alijishangaa. Hakuwahi kumwomba mwajiri kitu. Sista Nyamusi aliguna, akaandika, akaenda kuongea na msimamizi wa hospitali. Milka alingoja mpaka saa nane mchana. Kwa dirisha aliona manesi wawili wakipokezana zamu. Yule wa asubuhi alipita kitanda kwa kitanda, akimweleza mwenzake hali ya kila mgonjwa. Hawakuwa na haraka. Mmoja alisema kitu kwa Kijaluo, mgonjwa akacheka.

Sista alirudi. "Wamekubali. Barua mpya itatoka Jumatatu. Isome yote kabla ya kutia sahihi. Hata ukinong'onezwa nini hapa kwa mdomo, kama hakiko kwenye barua, hakiko."

Jioni Milka alikaa na Cliff mezani. Bonareri alikuwepo. Liz alikuwa sakafuni akichora kuku.

"Baba Liz, leta simu yako, upande wa hesabu," Milka alisema. "Ghorofa ni saa sabini na mbili kwa wiki. Zidisha mara nne."

"Mia mbili themanini na nane."

"Gawanya elfu arobaini na tano."

Cliff alibonyeza. "Shilingi mia moja hamsini na sita kwa saa."

"Kanisa ni saa arobaini kwa wiki. Mshahara na nyumba ni elfu thelathini na tisa."

Cliff alibonyeza tena. Akatazama. Akafuta, akaanza upya, akidhani amekosea. "Mia mbili arobaini na tatu na ushee," alisema polepole. "Kumbe hii ndogo ndiyo kubwa?"

"Na hapo hujaweka dawa za Liz," Bonareri alisema. "Wala bili za wagonjwa waliotoroka."

Cliff aliweka simu chini. Akasema, "Pikipiki hata Rangwe ziko. Soko lile halikosi kazi ya fundi. Nipeni wiki mbili nitafute mahali pa kufanyia kazi."

Milka alimshika mkono. Hakujua alikuwa amebeba mzigo kiasi gani mpaka alipoutua.

Walihama mwezi uliofuata. Mwanzo haukuwa mwepesi. Nyumba waliyopata ilikuwa ndogo, na Cliff alipata wateja wachache wiki za kwanza. Mshahara mmoja ulichelewa siku nne, na walikula omena, dagaa wale wa ziwani, na sukuma wiki mpaka wakachoka. Liz aliumwa mara moja, maumivu makali ya miguu. Milka alimpeleka wodini, wakamlaza siku mbili, wakamtibu. Bili ilipokuja, hospitali ikiwa imelipa nusu yake, Cliff aliisoma mara mbili, akailipa, akabaki na nauli na pesa ya maziwa.

Mwezi wake wa nne kazini, Milka alifanya kosa. Wodi ilikuwa na kazi nyingi asubuhi hiyo. Alichukua chupa ya dawa, akavuta kwenye sindano, na alipokaribia kitanda akasoma lebo tena. Ilikuwa dawa nyingine. Chupa zilifanana na zilikaa pamoja kwenye rafu moja. Hakuna aliyekuwa amemwona. Angeweza kuimwaga na kunyamaza.

Alienda moja kwa moja kwa Sista Nyamusi. "Sista, nimekaribia kumdunga mgonjwa dawa isiyo yake."

Sista alimsikiza mpaka mwisho. "Mgonjwa yuko salama?"

"Yuko salama."

"Asante kwa kuniambia. Njoo unionyeshe."

Siku hiyo Milka alitoka saa kumi, jua bado liko juu. Alimkuta Cliff nje ya nyumba akinawa grisi mikononi.

"Kazi ilikuwaje?"

"Leo nilikosea dawa. Niliona mapema, nikasema mwenyewe."

Cliff aliacha kunawa. "Wakakufanya nini? Wamekukata mshahara?"

"Hapana," Milka alisema. Alivua viatu, akaketi kizingitini, akaegemea mlango. "Walihamisha chupa moja kwenye rafu nyingine."