Kioo Nyuma ya Tangi

Siku hizo jengo la maduka lililokuwa karibu na kituo cha mabasi lilikuwa bado halijavunjwa, na wapenzi wa samaki wa mapambo walikutana ghorofa ya chini, ambako hewa ilinuka maji na mifuko ya nailoni. Jumamosi palikuwa hapapitiki. Muuguzi mmoja, aliyevaa gauni la samawati lenye kola nyeupe, alikuwa ameinama mbele ya tangi, akiwatazama samaki kwa uangalifu wa mtu anayesoma kipimajoto, ndipo sauti ya kiume ikasema nyuma yake:

"Naomba njia, dada. Kioo hiki hakijui kuomba radhi."

Aligeuka. Mbele yake alisimama fundi vioo, mrefu, mikono ya shati la kijivu imekunjwa hadi viwikoni na kidole gumba kimefungwa plasta. Alikuwa amemletea mwenye duka kioo cha tangi jipya. Alikiegemeza ukutani, lakini hakuondoka.

"Unamtafuta nani humo?"

"Wenza wa samaki wangu. Ni samaki mpiganaji, yule mwekundu wa mapezi marefu. Anaishi peke yake."

"Basi mchukulie hawa wenye mikia ya rangi rangi. Watapendezana."

"Watauana. Akimwona mwenye mkia wa fahari humdhania mshindani."

"Kumbe ana wivu. Kama mwenye samaki?"

"Mwenye samaki humjui."

"Ndiyo maana nauliza."

Muuguzi alijizuia kucheka, akashindwa. Alichagua kambale wadogo wa kijivu, wale wanaotembea chini mchangani bila makuu. Alichukua kundi zima, kwa kuwa mmoja peke yake hunyong'onyea. Akaongeza konokono, na mmea wa majani mapana ambao mizizi yake haifukiwi, bali hufungwa kwenye kipande cha gogo. Fundi alimbebea mfuko wa kambale hadi kituoni, kwa adabu ambayo hata vioo vyake havikuwahi kuipata.

Baada ya hapo mapenzi yao yalikua kwa simu za jioni.

"Mzee wa mapezi hajambo?"

"Hajambo. Amelala juu ya jani lake."

"Na mama mwenye nyumba?"

"Amechoka, mpenzi. Wodi ilijaa leo."

"Ningekuwa mimi jani, ungelala juu yangu."

"Ungekatika."

Siku fundi alipomwomba wafunge ndoa, muuguzi aliomba muda. Tangu mama yake afariki alikuwa akiishi peke yake katika vyumba viwili vya kuta nyeupe, kila kikombe mahali pake, na aliogopa kwamba mtu wa pili akiingia, utulivu ule uliomponya ungetoka. Fundi alikubali kungoja. Na muuguzi alipopelekwa mafunzoni mji wa mbali, alimwachia ufunguo ili awalishe samaki. Kwake hilo lilikuwa nusu ya jibu.

Fundi alilielewa hivyo, akataka kushukuru kwa kazi ya mikono yake. Alikata kioo cha kujitazamia, akakisugua kingo, akakibandika nyuma ya tangi. Mimea ikaonekana maradufu, kama bustani isiyo na mwisho. Kila siku alitupa chakula, akaitazama bustani yake, akafunga mlango akiwa ameridhika.

Muuguzi aliporudi alimkuta samaki amelala chini, mapezi yamechanika, bado akijikokota kukishambulia kile kioo. Akapiga simu.

"Umeweka nini nyuma ya tangi?"

"Umekiona? Bustani imekuwa mbili. Nilitaka..."

"Nilikwambia asiwekewe mshindani."

"Sijamwekea samaki yeyote."

"Umemwekea yeye mwenyewe."

Maisha yote ya fundi yalikuwa katikati ya vioo, na hilo halikumjia akilini.

"Nisamehe. Sikufikiri."

"Hujaanza hata kuishi humu, na tayari umeanza kupanga upya. Ufunguo mwachie jirani."

Aliuacha. Kisha hakupiga simu tena, kwa kuwa aliamini ombi lake la ndoa limekwisha kujibiwa. Muuguzi naye, simu ilipokuwa haiiti, aliamini kwamba hakupendwa sana. Alikibandua kioo, akabadilisha maji kidogo kidogo, na taratibu mapezi yakaanza kuota upya, membamba kama utando. Kambale wadogo walitokeza kwenye majani wakiwa wazima.

Aliyepiga simu ni shangazi yake, aliyekuwa amesikia kisa chote.

"Mwanangu, kijana wa watu alimkosea samaki, au alikukosea wewe?"

"Shangazi, aliingia kwangu akabadilisha vitu."

"Aliingia kwa ufunguo uliompa. Unajua baba yako alilipaka jiko rangi ya chungwa bila kumwuliza mama yako? Bibi harusi alinuna wiki nzima."

"Mbona mama hakuwahi kunieleza?"

"Angekueleza nini, na wewe umekulia humo humo ukiona ndiyo rangi ya majiko yote?"

Muuguzi alikata simu, akaketi. Jiko lile lilimrudia lote: mwanga wa asubuhi ukigonga ukuta, mama akiisimanga rangi huku akiimba, baba mlangoni akijifanya hasikii. Hakukumbuka utulivu wowote katika nyumba ile. Alikumbuka furaha tu.

Kesho yake alivaa gauni la manjano ambalo halikuwa la kazini, akaenda karakana ya vioo. Fundi alikuwa akipitisha kisu cha almasi cha kukatia vioo juu ya kioo.

"Mzee wa mapezi yu hai?" aliuliza bila kuinua macho.

"Yu hai. Nimekuja kuagiza tangi."

"La ukubwa gani?"

Alinyoosha mikono yote miwili.

"Nikuwekee kizuizi katikati?"

"Hapana. Nitapanda mimea mingi, ili kila mmoja apate pa kujificha akimchoka mwenzake."

"Sebule yako naijua. Hilo halitaingia."

"Halitaingia. Nilidhani tutafute nyumba kwanza."

Fundi aliweka kisu mezani polepole.

"Tutafute, nani na nani?"

"Mimi na wewe. Ila kabla ya kubandika chochote humo, uniulize."

"Basi naanza sasa. Utaolewa nami?"

"Nimeshaagiza tangi, mpenzi," alisema muuguzi. "Chukua vipimo."