Mlango Usio na Nyumba

Wenzangu, sogeeni niwaambie ya jirani yangu seremala, maana kicheko chake kilichokuwa kikijaza ngazi zetu siku hizi hatukisikii.

Yeye, mkewe mshonaji na mama yake mzazi wanaishi ghorofa ya tatu, juu yangu. Miguu ya mama imekufa ganzi. Siku za kliniki mwanawe alimbeba mgongoni, na wakinipitia mlangoni mama alikuwa akitania, "Jirani, nilimbeba huyu bure, sasa nadai!" Tulicheka sana. Lakini mgongo wa seremala ulianza kuuma, na mama akawa hatoki ila kufuata dawa. Ndiyo maana walijinyima miaka mingi, hadi wakapata nyumba isiyo na ngazi. Kabla hata ya kulipa, seremala alimchongea mama mlango mpana, kiti cha magurudumu kipite bila kukwaruza.

Bei ya nyumba ilitimia. Kodi ambayo serikali hutoza nyumba inaponunuliwa hawakuiweka kwenye hesabu.

"Mume wangu," mkewe alisema, "mlango huuhesabii mbao peke yake. Unahesabu bawaba, misumari, hadi vanishi. Mbona nyumba tumehesabu mbao tu? Twende ofisi ya kodi tukaulize."

Dalali wao, tuliyezoea kumwita Bwana Wepesi, alicheka. "Shemeji, usimwamshe aliyelala! Kwenye mkataba tuandike nusu ya bei. Bei ikishuka, kodi nayo inashuka. Kila mtu anafanya hivyo."

Kila mtu! Mkiambiwa hivyo, jamani, mwambieni awatajie mmoja.

Seremala akasaini. Msimlaumu upesi. Mtu anayempandisha mama yake ngazi zile huona kila njia ya mkato ni rehema. Akamlipa mwenye nyumba bei kamili mkononi, mkataba ukasema nusu.

Ofisi ya kodi, karani aliusoma ule mkataba, akainua macho. "Vyumba vinne, mtaa ule, kwa bei hii?" Akatumwa mthamini kuikagua nyumba. Kodi ikakokotolewa upya kwa thamani halisi, na faini juu yake. Seremala akazunguka kukopa huku na huku. Kabla hajapata, tarehe ambayo mkataba ulitaka kodi iwe imelipwa na mauziano yakamilike ikapita, na mwenye nyumba alikuwa ameshapata mnunuzi wa dau kubwa zaidi.

"Nitakurudishia pesa zako zote," alimwambia. "Zote zilizomo kwenye mkataba."

"Lakini mzee, nilikupa mara mbili ya hizo!"

"Imeandikwa wapi?"

Bwana Wepesi naye hakupokea simu tena.

Seremala aliutoa ule mlango karakana, akaupandisha hadi juu, mkewe akishika upande wa chini. Haukuweza kukata kona ya kuingia ndani, ulikuwa mpana mno. Wakauegemeza ukutani, pale ngazini. Akakaa chini, akalia, na mimi niliyekuwa nimesimama pale machozi yalinitoka. Mkewe hakusema "nilikuambia." Mama akajiburuta hadi kizingitini, akaupapasa ubao.

"Kazi nzuri, mwanangu. Umenyoosha kila kitu, ila neno moja tu."

Kliniki iliyofuata, alimbeba tena. Mama hakutania.

FUNZO

Ndugu zangu, bei ya nyumba siyo gharama ya kuinunua. Kabla hujatoa hata senti, nenda ofisi ya kodi uulize ni kiasi gani, anayelipa ni nani, na mwisho ni lini. Jumlisha na bei. Ikikuzidi, ngoja, au tafuta nyumba ndogo. Aibu iko wapi? Na bei uliyotoa ndiyo uiandike, kwa sababu siku ya ugomvi utakuwa na ule mkataba tu wa kukutetea, nao utasema ulichousemesha. Mke wako akikwambia twende tukaulize, vaa viatu mwende.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Asiyeniamini apande ngazi zetu. Mlango ungali pale, na sisi sote tunapita kwa kujigeuza ubavu.