Siku Tano za Mama Hyderabad

Nilimzaba Ilyasi kofi pale Kobero, saa nne asubuhi, mbele ya madereva wa malori, wabadilisha fedha na wapagazi wote wa mpaka!

Ilyasi ni mdogo wangu. Ana miaka thelathini na moja, ana mke, na kazi yake ni kujaza makaratasi ya forodha ya malori yanayotoka Tanzania. Pale mpakani wanamwita chef, yaani mkubwa. Mimi nikamchapa hadharani kama mtoto aliyeiba sukari.

Msinihukumu bado... Nisomeni mpaka mwisho, halafu mtukaneni mnayemtaka.

Naitwa Nadia, fundi cherehani, naishi Gitega. Mama yetu, Salima, anaishi Muyinga na Ilyasi. Zaidi ya miaka thelathini amekuwa akiuza bangili na mitandio sokoni, na bangili zake nzuri kuliko zote zinatoka Hyderabad, kule India.

Jicho lake la kushoto lilikufa zamani kwa presha ya macho. Mwaka juzi na la kulia likaanza kufuata.

Nikampeleka Bujumbura. Daktari wa macho akaniita pembeni, akaniambia ukweli. Operesheni inaweza kuliokoa hilo jicho lililobaki. Ila limechoka sana, na kuna wakati operesheni yenyewe hulizima kabisa. Akasema uamuzi ni wa mgonjwa, nendeni mkaongee naye.

Sikuongea naye.

Mnajua kwetu mambo yanavyokwenda. Mzee akiugua, watoto wanakaa chumba cha pili wananong'ona, mgonjwa anaambiwa ni uchovu. Tena mimi nilikuwa na sababu. Baba aliambiwa ugonjwa wake uso kwa uso, akaacha kula, tukamzika baada ya wiki tatu. Niliapa mama hatayasikia maneno kama yale.

Kwa hiyo nikabuni safari. Nikamwambia tunampeleka Hyderabad kutembea, akaone mji zinakotoka bangili zake.

Alifurahi, jamani... Alifurahi mpaka nikajiona mjanja!

Barua zote kwa hospitali ya macho ya kule Hyderabad niliandika mimi. Operesheni niliipanga kesho yake baada ya kufika. Ratiba ya kutembea nikamwachia Ilyasi aipange pamoja na mama, siku tano za kumpumbaza tu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nitamweleza tukiwa tayari mlangoni mwa hospitali, hatakuwa na pa kukimbilia.

Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaza juu ya mama aliyenizaa.

Zikabaki wiki tatu tusafiri. Niko kwenye cherehani yangu Gitega, simu ikaita. Ujumbe wa hospitali: kama mlivyoomba, operesheni imesogezwa mbele siku sita.

Kama TULIVYOOMBA? Nani kaomba?

Nikampigia Ilyasi, hakupokea. Baadaye akanitumia picha ya daftari, bila salamu wala maelezo. Ilikuwa ratiba yao ya Hyderabad.

Siku ya kwanza Charminar, lile jengo la minara minne, na soko la bangili kando yake. Siku ya pili ngome ya Golkonda. Ya tatu ikulu ya Chowmahalla, ya nne makaburi ya wafalme wa zamani, na ya tano Charminar tena. Mara ya pili! Hospitali ilikuja baada ya hayo yote.

Halafu kila siku matembezi yalikuwa saa mbili mpaka saa tano asubuhi tu, baada ya hapo hotelini kulala. Jumba la makumbusho, ambalo kila mtu mtandaoni analisifia, lilikuwa limekatwa kwa mstari mwekundu.

Damu ilinichemka. Jicho la mama linakwisha, daktari amesema tusichelewe, na huyu mvivu anapanga kulala mchana India! Nikajiambia ndiyo hivyo, miaka yote anaona malori yakivuka mpaka na yeye hajafika popote, sasa kapata kisingizio. Mama apofuke, yeye apige picha.

Alfajiri nikapanda teksi ya Probox, nikapita Karusi, nikafika Muyinga. Kwa mama sikusimama. Nikaunganisha moja kwa moja mpaka Kobero, na kofi mmeshalisikia.

Ilyasi hakunirudishia. Alishika shavu, akaokota makaratasi yake yaliyoanguka.

"Dada, uliza mama," akasema polepole.

"Usimtie mama humo. Mama ni mgonjwa."

"Mi siwezi kusema zaidi, nilimuapia. Uliza mama, basi, c'est tout."

Sasa ningemuuliza vipi? Kumuuliza ni kufunua kila kitu nilichokificha! Nikaona huo ni ujanja wake wa kunifunga mdomo kwa kutumia siri yangu mwenyewe, na hapo ndipo hasira ilipozidi.

Nilirudi Gitega siku ileile bila kumsalimia mama. Nikaiandikia hospitali kwamba aliyeomba kusogeza tarehe hana ruhusa, warudishe ya kwanza. Wakajibu imerudishwa.

Sikumwambia mtu yeyote.

Wiki zile, kila nikimpigia mama alinieleza habari za Golkonda na ngazi zake, na viatu atakavyovaa. Mimi naitikia tu, ndiyo mama, ndiyo mama. Na bado nikijiona mimi ndiye mtoto mwenye akili katika nyumba ile.

Tukatua Hyderabad asubuhi, jua linawaka. Mama alikuwa kavaa abaya mpya na bangili mpaka karibu na kiwiko. Ilyasi akakaa mbele. Anwani nilimpa dereva mimi, kwenye karatasi.

Njia nzima mama alikuwa amebandika uso kwenye kioo. Aliniuliza minara itatokea upande gani, kulia au kushoto. Nikamwambia sijui.

Gari likaingia kwenye geti la hospitali.

Ilyasi aligeuka akanitazama. Mtu wa damu yangu hajawahi kunitazama vile.

"Umefanya nini, dada?"

Mama aliuliza kama hapa ni hospitali. Nikaanza yale maelezo niliyoyapanga miezi mingi, kwamba ni kwa faida yake, kwamba kisu chenyewe ni kidogo... Akaniacha niseme sentensi mbili tu.

"Nyamaza, Nadia. Mi najua yote. Wiki ileile ulinifichaka, nilirudi kwa docteur na Ilyasi, nikamuuliza mwenyewe. Akaniambia operation inaweza kusaidia, inaweza kuzima jicho. Nikasema bon, nakubali. Ila nione kwanza."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ju nilikuwa nakungoja we uniambie," akasema.

Ndugu zangu, ratiba ile aliitunga mama mwenyewe! Ilyasi alikuwa mwandishi tu. Jicho lake lilikuwa linaona kwenye jua la asubuhi, ikifika saa sita kila kitu kinakuwa ukungu, na ndiyo maana matembezi yaliishia saa tano. Makumbusho aliyakata kwa sababu ndani kuna giza, asingeona kitu. Na Charminar aliiweka mara mbili ili iwe kitu cha mwisho kukiona kabla ya kisu, kama kisu kitakataa.

Nilikimbilia dirisha la mapokezi. Nikaomba wasogeze siku sita, ileile tarehe aliyoomba Ilyasi. Msichana akatazama kompyuta yake, akaniambia nafasi ile ilichukuliwa na mgonjwa mwingine siku ileile nilipoikataa. Inayofuata ni baada ya wiki saba.

Tiketi zetu zilikuwa za siku kumi na mbili. Hatukuwa na ndugu pale, hatukuwa na uwezo wa kukaa wiki saba. Ni kesho asubuhi au basi.

Nilimpigia mama magoti pale kwenye korido, watu wakipita. Nikamwomba afanye kesho. Nikamwambia miji haihami, lakini jicho halingoji. Nililia, na sioni aibu kuliandika hilo.

Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kama kesho linazima, mi nitakuwa nimeonaka nini India? Geti ya hospitali?" Akasimama, akajitengeneza mtandio. "Ilyasi, tafuta taksi. Saa tano bado."

Wakaondoka. Nikachukua mabegi nikawafuata.

Siku zote tano niliwafuata nyuma. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyeniita nije nipige nao picha. Mama alisimama mbele ya kila jengo muda mrefu, mpaka walinzi wakaanza kumshangaa. Soko la bangili alilipita duka kwa duka, anainua bangili kwenye jua, anaigeuza, anairudisha.

Tulirudi Burundi bila operesheni. Mwezi wa saba jicho likazima.

Nilikwenda kumuuliza yule daktari wa Bujumbura kama operesheni ingelishikilia. Akasema huenda ndiyo, huenda hapana, hakuna mtu atakayejua tena. Hilo ndilo linalonitafuna. Kwa mpango wa mama angepata vyote viwili, mji na operesheni. Mimi niliyempiga ndugu yangu kofi kwa ajili ya operesheni, ndiye niliyeizuia!

Nina hasira mpaka leo. Nina hasira na mimi mwenyewe kwanza. Nina hasira na huu mtindo wetu wa kunong'ona chumba cha pili na kuuita upendo. Na siku nyingine, Mungu anisamehe, nina hasira na mama pia, kwamba alikaa akinipima kimya badala ya kunishika mkono aniambie Nadia, najua.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna karatasi ya mama au ya baba umeificha kabatini, itoe leo. Mwili ni wake. Mwambie, ukae naye alie, na ukitaka kuamua jambo, muulize yeye kwanza.

Ilyasi alinisamehe kofi, na mbele ya wenzake wa Kobero nilimwomba radhi. Mama naye anaongea na mimi vizuri tu. Anauliza habari za wanangu, anacheka, anauza bangili kwa kupapasa na wateja hawamdanganyi.

Wiki iliyopita nilikuwa kwake Muyinga. Ililetwa karatasi kutoka zahanati, majibu ya kipimo chake cha sukari. Nikanyoosha mkono nimsomee.

Mama akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya paja lake.

"Acha tu, mwanangu," akasema. "Ilyasi atarudi jioni, atanisomea."